Sanduku Juu ya Paa: Tunanunua Lita, Gari Linabeba Kilo

Desemba ikikaribia, barabara zinazotoka Dar es Salaam kuelekea Moshi, Arusha, Iringa na Mbeya hujaa magari ya familia yaliyopakia hadi juu. Wachagga wanataniwa kuwa wanakwenda kuhesabiwa, lakini safari hiyo ni ya makabila yote: watoto wamefunga shule, bibi na babu wanasubiri, na gari moja linatakiwa kubeba watu, nguo, zawadi na vyakula vya siku kadhaa. Hapo ndipo familia nyingi zenye SUV huanza kuulizia lile sanduku la plastiki linalofungwa juu ya paa.

Majibu wanayopata hayafanani. Muuzaji anataja lita: 320, 400, 500. Fundi anagonga paa kwa kiganja na kusema gari hili ni gumu, weka unachotaka. Jirani aliyewahi kuwa nalo anasema linakula mafuta. Dereva mkongwe anaonya kwamba mzigo wa juu hupindua gari. Mwingine anaelekeza kidole kwenye magari ya utalii ya Arusha yenye hema juu ya paa na kuuliza: kama watu wazima wawili wanalala pale, kwa nini begi za nguo ziwe tatizo?

Kila mmoja wao ana kipande cha ukweli. Tatizo ni kwamba vipande hivyo havijawekwa pamoja. Uchambuzi huu unavipanga, unapima kila njia ya kubeba mzigo wa ziada kwa faida na hasara zake, kisha unaeleza ni wakati gani sanduku ni uamuzi mzuri na wakati gani ni fedha iliyopotea.

Mkanganyiko unatoka wapi

Chanzo cha kwanza ni kipimo. Sanduku linauzwa kwa ujazo, kwa sababu ujazo ndio unaoonekana dukani na ndio unaovutia. Paa la gari lenyewe linapimwa kwa uzito. Mnunuzi anapoona lita 450 anawaza magunia na mabegi. Mtengenezaji wa gari alipochora paa aliwaza kilo ambazo nguzo, reli na viungio vyake vinaweza kuhimili gari likiwa kwenye mwendo.

Chanzo cha pili ni historia ya kifaa chenyewe. Masanduku haya yalienea kwanza Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako familia nyingi huyatumia kubeba vifaa vya kuteleza kwenye theluji. Ndiyo maana mengi ni marefu na membamba: yanafuata urefu wa vile vibao vya kuvaa miguuni. Mzigo wa huko ni mwepesi, na barabara za huko ni laini. Mzigo wetu ni tofauti. Tunakwenda na nguo na kurudi na viazi, parachichi, mchele na mikungu ya ndizi, na njiani kuna matuta, mashimo na vipande vya vumbi.

Chanzo cha tatu ni soko la magari yaliyotumika. SUV nyingi za familia Tanzania na Kenya zimetoka Japani, na kitabu cha maelekezo, kama kimefika, kimeandikwa Kijapani. Kile kipengele kinachotaja kilo zinazoruhusiwa juu ya paa hakisomwi na mtu. Nafasi yake inachukuliwa na makisio ya gereji.

Paa lina mizani yake

Kwa SUV nyingi za familia, uzito unaoruhusiwa juu ya paa gari likitembea ni kati ya kilo 75 na 100. Yapo yenye ruhusa ndogo zaidi na yapo yenye kubwa zaidi, hivyo cha kufuata ni kitabu cha gari husika. Kama kimeandikwa Kijapani, tarakimu na alama ya kilo zinasomeka, na kamera ya simu yenye programu ya kutafsiri inatosha kwa maneno yaliyobaki.

Uzito huo si wa mabegi peke yake. Unajumlisha vyuma vya kukingama vinavyolala juu ya paa, sanduku lenyewe, kisha mzigo. Chukua mfano wa gari linaloruhusu kilo 75. Vyuma vina kilo 6, sanduku lina kilo 20. Zimebaki kilo 49. Ukizigawanya kilo hizo kwa sanduku la lita 450, kila lita inaruhusiwa kubeba takriban gramu 110. Huo ni uzito wa nguo, mablanketi, mito na nepi. Viazi vina uzito unaokaribia gramu 650 kwa lita, kwa hiyo kilo 49 za viazi zingeenea kwenye lita 75 hivi, sehemu moja ya sita ya sanduku. Sehemu tano zilizobaki zingetakiwa zibaki tupu. Nani ataziacha tupu akiwa shambani kwa wazazi, na gunia lipo mlangoni?

Yapo pia mambo mawili yanayopunguza hesabu hiyo. Kwanza, viwango vya uzito ni vitatu: cha paa, cha vyuma vya kukingama na cha sanduku. Kinachotawala ni kile kidogo kuliko vyote. Sanduku lililoandikwa kilo 75 haliongezi nguvu ya paa lililoandikwa kilo 50. Pili, barabara mbovu hupunguza ruhusa. Baadhi ya watengenezaji wa keria wa Australia, nchi yenye barabara nyingi za vumbi, huelekeza kiwango cha kawaida kigawanywe kwa 1.5 gari linapotoka kwenye lami. Kwa mfano wetu, kilo 75 zinakuwa 50, na ukitoa vyuma na sanduku zinabaki kilo 24 tu. Kwa anayemalizia safari yake kwenye kipande kirefu cha makorongo, hiyo ndiyo hesabu ya kwenda nayo.

Na lile hema la Arusha? Jibu liko kwenye tofauti ya gari lililosimama na gari linalotembea. Gari likisimama, uzito unashuka moja kwa moja kwenye nguzo za bodi, na paa linaweza kuhimili mara kadhaa ya kiwango cha mwendoni. Gari likitembea, mzigo huohuo unasukumwa mbele kwenye breki, kando kwenye kona na juu-chini kwenye tuta. Watu wanalala ndani ya hema gari likiwa limezimwa. Wakati wa safari wanakaa kwenye viti, na kinachobaki juu ni hema lililokunjwa. Zaidi ya hapo, magari mengi ya utalii ni Land Cruiser zenye bodi na keria zilizoandaliwa kwa kazi hiyo. Kulinganisha hayo na SUV ndogo ya mjini ni kulinganisha vitu viwili tofauti.

Viti saba na buti lililopotea

Sababu kubwa ya kutafuta sanduku ni gari la viti saba. Mstari wa tatu ukikaliwa, buti linabaki upenyo wa mabegi mawili. Familia inaona suluhisho liko juu. Lakini gari lina kikomo kingine, cha uzito wote linaoruhusiwa kubeba, watu wakiwemo.

Tuseme gari linaruhusiwa kubeba kilo 550. Watu wazima watano wa kilo 70 ni kilo 350. Watoto wawili wa kilo 30 ni 60. Jumla kilo 410. Zimebaki kilo 140 kwa kila kitu kingine: vyuma, sanduku, mzigo wa juu, mzigo wa buti, maji ya njiani. Hapa kuna mgongano wa wazi: sanduku linahitajika zaidi gari likiwa limejaa watu, na ndipo uwezo wa gari unapokuwa umebaki mdogo kuliko wakati wote.

Kuzidisha uzito huo hakukamatwi na mtu. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inahusu magari ya kuanzia tani 3.5, ndiyo maana gari la familia linapita pembeni ya kituo cha mizani bila kuitwa. Askari wa usalama barabarani anaweza kuona mzigo uliofungwa vibaya, lakini kilo hazioni. Mizani inabaki mikononi mwa mwenye gari, na mizani ya bafuni inatosha: pima begi moja moja, andika, jumlisha.

Njia zinazoshindana

*Sanduku la plastiki lenye kifuniko.* Faida zake ni za kweli. Linafungwa kwa ufunguo, linakinga mvua, umbo lake linapunguza ukinzani wa upepo kuliko mabegi yaliyorundikwa wazi, na mzigo hauhitaji kamba wala turubai. Udhaifu wake: ni ghali, linachukua nafasi nyumbani wakati halitumiki, na linapoteza kilo 15 hadi 25 za ruhusa ya paa kabla ya kuwekewa hata shati moja. Kufuli lake linamzuia mdokozi anayepita, si mwizi aliyejipanga na bisibisi. Vumbi laini hupenya kwenye ukingo wa kifuniko, na plastiki isiyo na kinga nzuri ya jua hukauka na kupasuka.

*Keria ya chuma yenye kingo.* Hii ndiyo iliyozoeleka. Fundi wa kuchomelea anaitengeneza kwa vipimo unavyotaka, inabeba kitu cha umbo lolote, na ikipinda inanyooshwa palepale. Udhaifu wake mkubwa ni uzito. Keria ya mabomba mazito inaweza kufika kilo 30 au 40, na ikifika hapo nusu ya ruhusa ya paa imekwisha. Haina kinga ya mvua wala ya mikono ya watu foleni inaposimama, na turubai linalopigapiga huleta kelele na kuongeza ukinzani. Keria nyepesi za aluminiamu zinapunguza tatizo la uzito, lakini bei yake inakaribia ile ya sanduku.

*Begi laini lisiloingia maji.* Hili linafungwa kwa mikanda juu ya vyuma au keria, na safari ikiisha linakunjwa na kuwekwa kabatini. Ni jepesi na rahisi. Kwa anayesafiri mara moja kwa mwaka, linastahili kufikiriwa kabla ya sanduku. Hasara yake ni usalama mdogo dhidi ya wizi, na mikanda inayohitaji kukazwa tena njiani kwa sababu kitambaa hulegea.

*Tela au kibebeo cha nyuma.* Mzigo unakaa chini, upepo hauusumbui sana, na paa linabaki huru. Kibebeo cha nyuma, hata hivyo, kinahitaji ndoano ya kuvutia iliyofungwa kwenye chesisi, kinaongeza uzito kwenye ekseli ya nyuma, na kinaweza kuficha taa na namba za gari. Tela linabadilisha uendeshaji wote, hasa kwenye mteremko na wakati wa kurudi nyuma.

*Kutobeba.* Njia hii haitangazwi na mtu, lakini Afrika Mashariki ina faida moja: mabasi ya mikoani hupokea vifurushi karibu kila mji mkubwa. Gunia la mchele au mkungu wa ndizi unaweza kutangulia au kufuata kwa basi, na gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ya kununua sanduku. Udhaifu ni kwamba lazima mtu aende stendi kupokea, na vitu vya kuvunjika au vya thamani havifai.

Hakuna njia inayoshinda kwa kila kitu. Sanduku linashinda kwa mzigo mwepesi, mkubwa wa umbo, unaotakiwa kufika mkavu. Keria inashinda kwa vitu vya umbo la ajabu. Basi linashinda kwa mzigo mzito. Makosa mengi hutokea pale njia moja inapolazimishwa kufanya kazi ya nyingine.

Upepo, kasi na mafuta

Wanaosema sanduku linakula mafuta wako sahihi, lakini kiasi kinategemea kasi. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, ukinzani unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Kufika 120, unakuwa mara mbili na robo ya ule wa 80.

Mwongozo wa serikali ya Marekani kuhusu matumizi ya mafuta ya magari unakadiria kwamba sanduku kubwa lenye umbo butu hupunguza umbali unaopatikana kwa kila lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, 6 hadi 17 kwenye barabara kuu, na 10 hadi 25 kwenye kasi za kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Kibebeo cha nyuma kinapunguza asilimia 1 hadi 2 mjini na 1 hadi 5 kwenye barabara kuu. Sanduku jembamba lenye pua iliyochongoka litakuwa upande wa chini wa makadirio hayo.

Kwa safari yenyewe gharama si ya kutisha. Kwenda na kurudi Moshi kutoka Dar es Salaam ni takriban kilomita 1,100. Gari linalotumia lita 10 kwa kilomita 100 litatumia lita 110. Umbali wa kila lita ukipungua kwa asilimia 6 hadi 17, nyongeza ni lita 7 hadi 23 hivi. Kutulia kwenye kasi ya 80 hadi 90 kunapunguza sehemu kubwa ya nyongeza hiyo.

Hasara ya kweli iko kwingine: kwenye sanduku linaloachwa juu mwaka mzima. Likiwa tupu linakata upepo karibu sawa na likiwa limejaa. Gari linalokwenda kazini kila siku na sanduku tupu linalipia mafuta ya mzigo usiokuwepo, huku jua likichosha plastiki na mpira wa kuzuia maji. Vyuma vya kukingama navyo vinapiga kelele na kukata upepo, ingawa kwa kiasi kidogo. Anayejua kwamba hatakuwa na muda wala mahali pa kulishusha sanduku aongeze gharama hiyo kwenye bei yake kabla hajalinunua.

Kona, breki na kimo

Hoja ya dereva mkongwe nayo inapimika. SUV tayari imeinuka, na kila kilo inayowekwa juu inapandisha kitovu cha uzito. Tuchukue gari lenye watu ndani, uzito wa kilo 2,200, kitovu chake kikiwa sentimita 72 kutoka ardhini na upana kati ya magurudumu ukiwa mita 1.58. Kilo 75 zikiwekwa kwenye kimo cha mita 1.95, kitovu kinapanda kwa takriban sentimita 4, na uthabiti dhidi ya kupinduka unapungua kwa asilimia 5 hivi. Dereva makini atalihisi hilo na kupunguza kasi kwenye kona. Zikiwekwa kilo 200, kitovu kinapanda sentimita 10 na uthabiti unapungua kwa sehemu moja ya nane. Hilo ni gari jingine kabisa kwenye kona za Kitonga, au kwenye mteremko wa Mai Mahiu kwa msomaji wa Kenya.

Kwa hiyo onyo la mkongwe ni kweli kwa mzigo uliozidi, na ni kubwa kupita kiasi kwa mzigo ulio ndani ya kiwango. Hatari zaidi ni dereva anayesahau kwamba gari limebadilika: anakwepa shimo kwa ghafla, anakanyaga breki akiwa kwenye kona, anapita lori akiwa na upepo wa pembeni.

Kimo nacho kinasahaulika. SUV ya mita 1.75, ukiongeza vyuma vya sentimita 10 na sanduku la sentimita 40, inafika mita 2.25. Maegesho mengi ya chini ya majengo yana kizuizi cha mita 2 na kidogo. Wengi wamekumbuka sanduku baada ya kusikia mlio. Kikaratasi chenye kimo kamili, kikibandikwa karibu na usukani, kinamaliza tatizo.

Kuchagua: anza na paa, malizia na sanduku

Wanunuzi wengi huchagua sanduku kwanza, kisha humtafuta fundi wa kulilazimisha likae. Mpangilio sahihi ni kinyume chake: paa, vyuma, kisha sanduku.

Paa za SUV nyingi ziko za namna nne. Zipo zenye reli zilizoinuka, ambazo mkono unapita chini yake. Hizi ndizo rahisi kuliko zote. Zipo zenye reli zilizolala juu ya bati bila upenyo; zinahitaji vyuma vyenye miguu maalumu ya kushika kingo zake. Zipo zenye paa tupu, ambako miguu inashika ukingo wa mlango kwa kipande kilichotengenezwa kwa ajili ya umbo la gari hilo tu. Na zipo zenye mfereji wa maji pembeni, kama Land Cruiser mkonga, ambazo hushikwa kwenye mfereji huo.

Hapa kuna mtego wa soko letu: reli za urembo. Maduka ya vifaa vya magari huuza reli zinazobandikwa kwa gundi ili gari lionekane toleo la juu. Hazibebi kitu. Anayenunua gari lililotumika achunguze kama reli zimefungwa kwa bolti kwenye bodi kabla ya kuziamini. Kadhalika, aliyeambiwa na fundi kwamba paa tupu litatobolewa ili keria ikae akatae: tundu kwenye bati ni mlango wa maji, kutu na uchakavu wa dari ya ndani. Gari lenye paa la kioo linahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa baadhi ya watengenezaji hupunguza ruhusa ya uzito au hukataza kabisa.

Kwa vyuma, majina kama Thule ya Sweden, Yakima ya Marekani, Rhino-Rack ya Australia, pamoja na INNO na Terzo za Japani, yana orodha za miguu inayolingana na kila modeli ya gari. Bidhaa isiyo na jina kubwa inaweza kuwa nzuri pia, mradi kiwango cha uzito kimeandikwa juu yake na miguu inakaa bila kuchezacheza. Kiwango cha kimataifa cha ISO 11154 kinahusu vibebeo vya paa. Kukiona kimetajwa ni dalili njema.

Kwa sanduku, vipimo vinavyohusu ni urefu, upana na jinsi linavyofunguka. Sanduku refu la theluji likiwekwa kwenye SUV fupi, mlango wa nyuma ukifunguliwa unaligonga. Familia ya Afrika Mashariki isiyobeba vibao vya theluji itanufaika zaidi na sanduku fupi, pana kidogo, la lita 300 hadi 400. Linaenea, linapunguza kishawishi cha kuzidisha uzito, na linaacha nafasi ya mlango. Linalofunguka pande zote mbili lina faida kubwa kwa anayeegesha ukingoni mwa barabara kuu: anapakua akiwa upande wa nyasi, mbali na mabasi. Masanduku yaliyotumika yanafaa kama bawaba, kufuli na funguo ni nzima na sakafu haina ufa kwenye matundu ya bolti.

Kufunga: saa moja ya utulivu

Kazi yenyewe haina siri, ila haitaki haraka. Paa lioshwe kwanza, kwa sababu mchanga ukibaki chini ya mpira wa mguu unakwangua rangi. Vyuma viwekwe kwa umbali ulioelekezwa kwenye kitabu cha sanduku, mara nyingi karibu sentimita 70, viwe sambamba, na kila upande upimwe kwa futi. Nati zikazwe kwa kupokezana, kidogo upande huu, kidogo upande ule, hadi kiwango kilichotajwa. Kukaza kupita kiasi kuna madhara sawa na kulegeza: kunapinda reli na kupasua plastiki.

Sanduku likae katikati ya upana au upande mmoja kama vyuma vinaruhusu, pua ikielekea mbele na ikilala sambamba na paa. Kabla ya kukaza mara ya mwisho, mlango wa nyuma ufunguliwe polepole mpaka mwisho, na antena iangaliwe. Vishikio viwe vinne, vyote vimeuma chuma. Kisha vuta sanduku kwa nguvu mbele, nyuma na pembeni: gari litikisike, lakini sanduku lisisogee juu ya gari. Baada ya kilomita 50 hivi za kwanza, simama na ukague tena. Kwenye safari ndefu, kila kituo cha mafuta ni mahali pa ukaguzi, hasa baada ya kipande chenye matuta mfululizo.

Kupakia

Kanuni ni fupi: kizito chini, chepesi juu. Maji, vyakula, zana na masanduku ya vitabu viingie buti, vikiegemea migongo ya viti. Nguo, mablanketi na viatu viende juu. Ndani ya sanduku, vyenye uzito zaidi vikae kati ya vyuma viwili, na mikanda ya ndani ifungwe hata kama sanduku limejaa, kwa kuwa breki ya ghafla husukuma mzigo wote kwenye pua. Nguo ziwekwe ndani ya mifuko ya nailoni kukinga vumbi. Upepo wa matairi uongezwe kulingana na kibandiko cha mlango wa dereva kwa gari lililojaa.

Safari ya kurudi ndiyo inayoharibu hesabu. Nguo zimebaki zilezile, na zimeongezeka ndizi. Mkungu mkubwa unaweza kupita kilo 25, na miwili ya namna hiyo inamaliza ruhusa yote ya mfano wetu. Uamuzi wa vitakavyorudi na vitakavyosafiri kwa basi ufanywe kabla ya kuaga, si mbele ya wazazi walioshika gunia.

Mizani ya hoja zote

Fundi anayesema paa ni gumu yuko sahihi kwa gari lililosimama, na amekosea kwa gari linalotembea. Jirani anayelalamikia mafuta yuko sahihi kwa mwendo wa kasi na kwa sanduku lisiloshushwa, lakini kwa safari moja ya mwaka malalamiko yake yanahusu lita chache. Dereva mkongwe yuko sahihi kuhusu kupinduka pale kiwango kinapovukwa. Muuzaji hasemi uongo kuhusu lita. Anaacha tu kutaja kilo.

Ukiviunganisha vipande hivyo, picha inakuwa wazi. Sanduku la paa linafaa kwa familia inayosafiri mara kadhaa kwa mwaka, kwenye lami kwa sehemu kubwa, ikiwa na mzigo mwepesi unaojaza nafasi, na yenye mahali pa kulihifadhi likishushwa. Halifai kwa anayetaka kusafirisha mazao, kwa anayemalizia safari kwenye barabara mbovu sana, wala kwa gari la viti saba ambalo watu wake peke yao wamekaribia kumaliza uwezo wake. Anayesafiri mara moja kwa mwaka atatosheka na begi laini au kifurushi cha basi, na fedha ya sanduku itamfaa kwenye matairi mapya.

Kabla ya kwenda dukani, namba tatu zijulikane: kilo zinazoruhusiwa juu ya paa, kilo zote ambazo gari linaruhusiwa kubeba, na uzito wa familia pamoja na mizigo yake. Mwenye namba hizo atajua ndani ya dakika chache kama anahitaji sanduku na la ukubwa gani. Asiyekuwa nazo atachagua kwa macho, na macho siku zote huona lita.